SOMO KWA MAKATIBU: PRINTA ISIYOITIKIA KISHIKWAMBI

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili katika kikundi, mwanaushirika ataweza:

(a) kueleza njia inayopitiwa na waraka kutoka kwenye kishikwambi hadi kwenye karatasi;
(b) kutafuta kasoro kwa utaratibu, bila kubahatisha;
(c) kuchapa nyaraka za chama hata mahali pasipo na intaneti;
(d) kulinda fedha za chama na siri za wanachama wakati wa kuchapa.

1. Kwa nini tunajifunza jambo hili

Ndugu Katibu, ushirika wa Kilimanjaro umejengwa juu ya kahawa, na umelindwa kwa karatasi. Tangu Chama Kikuu cha KNCU kilipoandikishwa mwaka 1933, mkulima amekuwa na haki ya kuondoka ghalani na stakabadhi mkononi, na mkutano umekuwa na haki ya kusomewa hesabu iliyoandikwa. Zamani nyaraka za mkutano zilipigwa chapa kwenye stensili, kisha zikarudufiwa kwa mashine ya mkono. Kazi ilikuwa nzito na wino ulichafua nguo, lakini kila mjumbe alipata nakala yake.

Siku hizi makatibu wengi huandaa nyaraka kwa kishikwambi. Chombo hiki kilizoeleka zaidi nchini baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambayo makarani wake walitumia vishikwambi, na baadaye vikagawiwa walimu. Taarifa za vyama nazo huingizwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU. Hata hivyo, mkutano mkuu wa wanachama haufanyiki ndani ya kioo. Mzee aliyeshuka kutoka kihambani kwake anahitaji kuyaona makisio kwenye karatasi, ayapitie kwa kidole, na aulize kwa nini gharama za usafiri zimepanda.

Basi tufikirie Katibu wa chama cha msingi kilichoko mathalani Kibosho, Uru au Marangu. Ni usiku wa kuamkia mkutano. Makisio yamekamilika na printa ndogo iko juu ya meza sebuleni. Anabonyeza amri ya kuchapa, na kishikwambi kinajibu kwamba hakuna printa iliyoonekana. Anabonyeza tena, jibu ni lile lile. Kesho yake wanachama huombwa kunyoosha mikono kupitisha tarakimu walizosomewa mara moja tu kwa sauti. Mwanachama asiyeiona hesabu hawezi kuihoji, na mkutano usioihoji hesabu umekutana kupiga makofi tu.

Hasara nyingine hutokana na hofu. Kuna wanaokimbilia kununua printa mpya kwa fedha za chama, ilhali ile ya zamani ni nzima. Kuna wanaotuma orodha nzima ya wanachama kwa simu hadi duka la steshenari mjini Moshi, wakasahau kuuliza nakala ile itabaki kwa nani. Somo hili linakusudia kuziepuka hasara hizo. Neno lake kuu ni moja: printa isiyochapa kwa waifai mara nyingi haijaharibika, ila imepotezana na kishikwambi.

2. Njia ya waraka

Kahawa ya mwanachama hupita mikono mingi kabla ya kuwa fedha. Hutoka shambani, hupokelewa na chama, hukobolewa kiwandani, huuzwa mnadani, ndipo malipo yanaporudi. Malipo yakichelewa, mwanachama mwenye busara haendi kung'oa mibuni. Huuliza kahawa imekwama wapi. Waraka nao una safari ya namna hiyo, na vituo vyake ni vitano:

(i) Programu iliyo ndani ya kishikwambi, ambayo huugeuza waraka kuwa kazi ya kuchapa.
(ii) Waifai ya kishikwambi, ambayo hupokea kazi hiyo na kuirusha hewani.
(iii) Ruta, au simu iliyowashwa hotspoti, ambayo ni kama tarishi wa nyumba.
(iv) Waifai ya printa, ambayo huipokea kazi.
(v) Wino na karatasi.

Kabla ya kutuma kazi, kishikwambi hupiga mbiu ndani ya mtandao wa nyumba na kuuliza kama kuna printa. Printa huitika kwa kutaja jina lake na anwani yake, na hapo ndipo jina lile huonekana kwenye kioo. Yapasa kuzingatia kwamba mbiu hiyo haivuki mipaka ya mtandao ule. Kishikwambi kikiwa katika mtandao mmoja na printa katika mwingine, havisikilizani hata vikiwekwa juu ya meza moja. Kasoro nyingi chanzo chake ni hapo.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba mazungumzo hayo hayahitaji intaneti. Waraka hutoka kwenye kishikwambi, hupita kwenye ruta, huingia kwenye printa, na hauendi Dar es Salaam wala ng'ambo. Kwa sababu hiyo, mtu ambaye bando lake limekwisha bado anaweza kuchapa, mradi ruta au hotspoti imewashwa. Utaratibu huu umo ndani ya vishikwambi vyenyewe. Vya kampuni ya Apple vinao uitwao AirPrint tangu mwaka 2010. Vya Android hutumia utaratibu wa umoja wa Mopria, ulioanzishwa mwaka 2013 na kampuni za Canon, HP, Samsung na Xerox. Njia nyingine, Google Cloud Print, ambayo ilipitisha kazi kwenye intaneti, ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020. Ukikuta maelekezo ya zamani yanayokutuma huko, yaache.

3. Utaratibu wa kutafuta kasoro

Kanuni ni kuanzia kwenye karatasi na kurudi nyuma hadi kwenye kishikwambi, kituo kwa kituo. Usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, maana kasoro ikiondoka hutajua ni lipi lililoiondoa, na ikirudi utaanza upya.

Hatua ya kwanza: printa yenyewe. Tazama taa zake, mfuniko, wino na trei ya karatasi. Kisha uiamuru, kwa vitufe vyake, ichape ukurasa wa taarifa zake. Takriban kila printa ya waifai inaweza kufanya hivyo, na kitabu chake huonyesha kitufe cha kubonyeza. Ikishindwa, usihangaike na waifai, kwa kuwa kasoro iko kwenye wino, karatasi au mashine. Ikifaulu, uhifadhi ukurasa huo. Aghalabu umeandikwa jina la mtandao ambao printa imejiunga nao na anwani yake, mambo tutakayoyahitaji katika hatua zinazofuata.

Hatua ya pili: jina la mtandao. Fungua mipangilio ya kishikwambi mahali palipoandikwa Wi-Fi, usome jina la mtandao kilichojiunga nao. Lilinganishe na jina lililo kwenye ukurasa wa printa, herufi kwa herufi. Yakitofautiana, umeipata kasoro. Sababu za kutofautiana ni hizi:

(a) Kishikwambi kimehamia chenyewe kwenye laini ya simu kwa sababu kimeona waifai haina intaneti.
(b) Kishikwambi kimejiunga na mtandao wa wageni, ambao mara nyingi una neno Guest katika jina lake. Mtandao huo umewekwa makusudi ili mgeni asivione vyombo vya mwenye nyumba, printa ikiwemo.
(c) Neno la siri la ruta limebadilishwa, kishikwambi kikapewa jipya, printa ikaachwa na la zamani.
(d) Ruta ina majina mawili, moja la masafa ya GHz 2.4 na jingine la GHz 5. Printa nyingi za nyumbani hupokea GHz 2.4 peke yake. Viunge vyote viwili na jina la GHz 2.4.

Hatua ya tatu: anwani. Ruta humpa kila mgeni wake anwani ya tarakimu, mfano 192.168.1.23. Tazama anwani ya kishikwambi na ile ya printa. Katika nyumba nyingi mafungu matatu ya kwanza hayana budi kufanana. Ikiwa anwani ya printa inaanza na 169.254, maana yake printa haikupewa anwani na ruta, ikajitungia yake. Izime, uiwashe, na ikibidi uiunganishe upya na waifai. Tena, umeme ukikatika na kurudi, ruta huweza kuipa printa anwani mpya huku kishikwambi kikiendelea kubisha hodi kwenye mlango wa zamani. Dawa ni kulifuta jina la printa katika kishikwambi na kulitafuta upya.

Hatua ya nne: kuwasha kwa mpangilio. Zima vyombo vyote vitatu. Washa ruta kwanza, usubiri kama dakika mbili hadi taa zake zitulie. Kisha washa printa, nayo usubiri itulie. Mwisho washa kishikwambi. Umeme unaporudi baada ya kukatika, printa huamka upesi na kutafuta waifai wakati ruta bado haijawa tayari. Ikikosa, baadhi ya printa hukata tamaa na kubaki peke yao hadi ziwashwe tena.

Hatua ya tano: kishikwambi. Katika vishikwambi vya Android fungua mipangilio, utafute sehemu ya kuchapa, uhakikishe kwamba huduma ya kuchapa imewashwa. Ikiwa printa haijulikani kwa huduma iliyomo, pakua programu ya mtengenezaji wa printa hiyo. Angalia pia kama kuna programu ya VPN inayofanya kazi, kwa kuwa huweza kuyapeleka mawasiliano yote nje na kukizuia kishikwambi kuiona printa iliyo karibu. Mwisho, futa kazi zilizokwama katika foleni. Kazi moja mbovu iliyo mbele huzizuia zote zilizo nyuma yake.

Hatua ya sita: waraka wenyewe. Ikiwa printa inaonekana, inapokea kazi, kisha inapepesa taa bila kuchapa, tazama kipimo cha karatasi. Sisi hutumia karatasi za A4, lakini programu nyingi huja zikiwa zimepangiwa kipimo cha Kimarekani kiitwacho Letter. Printa hungoja karatasi ambayo haimo dukani wala ghalani. Badilisha kipimo kiwe A4. Ikiwa waraka mmoja tu ndio unaokataa, uhifadhi kwanza kama PDF, kisha uchape ukurasa mmoja kwa majaribio.

4. Nyumba isiyo na ruta

Katika nyumba nyingi za miteremkoni hakuna ruta. Kuna simu inayowashwa hotspoti, na kishikwambi na printa hujiunga nayo. Mpango huu unafaa, ila una mitego yake.

Mtego wa kwanza ni simu kubadilika. Tuseme Katibu aliiunganisha printa na simu yake, halafu simu hiyo ikaibiwa au ikauzwa. Simu mpya ina jina jingine la hotspoti na neno jingine la siri, na printa inaendelea kuitafuta ile iliyoondoka. Ipo njia nyepesi: ipe hotspoti ya simu mpya jina lile lile na neno lile lile la siri, bila kubadili herufi hata moja. Kwa kawaida printa itajiunga kama kwamba hapakutokea jambo. Ikiwa simu imeibiwa, hata hivyo, ni salama zaidi kuweka neno jipya la siri na kuiunganisha printa upya.

Mtego wa pili ni hotspoti kujizima. Simu nyingi huizima hotspoti baada ya dakika kadhaa ikiwa hakuna chombo kilichojiunga nayo, ili kutunza betri. Tafuta mpangilio huo uufunge wakati wa kuchapa. Mtego wa tatu ni simu mpya zinazorusha hotspoti kwa GHz 5. Kishikwambi kitaiona, printa haitaiona. Chagua GHz 2.4.

Ikiwa hata hotspoti haipatikani, printa nyingi zinaweza kurusha mtandao wao wenyewe, uitwao Wi-Fi Direct, ambao jina lake mara nyingi huanza na neno DIRECT. Unga kishikwambi na jina hilo, kwa neno la siri lililo kwenye printa au kwenye ukurasa wake wa taarifa. Kishikwambi kitalalamika kwamba mtandao huo hauna intaneti na kuuliza kama kibaki. Jibu kwamba kibaki. Baada ya kuchapa, rudi kwenye mtandao wako wa kawaida.

5. Hali ya miteremkoni

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa ya mlimani hujaa unyevu, na karatasi iliyoachwa wazi huunyonya. Karatasi hiyo hujikunja, hushikamana na kukwama ndani ya mashine, na mtu akadhani kwamba waifai ndiyo mbovu. Tunza karatasi ndani ya kifungashio chake, mahali pakavu, mbali na ukuta na sakafu, na uweke kwenye trei zile tu utakazotumia.

Umbali nao una kazi yake. Mawimbi ya waifai hupunguzwa na kuta za matofali, mabati na majani mabichi. Ofisi iliyo upande wa pili wa migomba haitapata waifai ya nyumbani kwa uhakika. Wakati wa kutafuta kasoro, weka vyombo vyote katika chumba kimoja kwanza.

Kuhusu umeme, printa ya leza huvuta nguvu nyingi kwa ghafla inapopasha joto. Usiichomeke kwenye inveta ndogo au kwenye betri ya akiba ya kompyuta. Printa ya wino wa maji huhitaji nguvu kidogo, na kwa hiyo inafaa zaidi kwa nyumba inayotegemea umeme wa jua.

6. Siri za wanachama na fedha za chama

Orodha ya wanachama, kilo walizoleta, madeni yao na namba zao za simu si mali ya Katibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kwa sababu hiyo, badilisha neno la siri ambalo printa ilikuja nalo kutoka kiwandani. Usiache nakala kwenye trei. Ikikulazimu kuchapa dukani, peleka waraka mwenyewe kwenye flashi, simama hapo hadi uishe, na uhakikishe kwamba umefutwa katika kompyuta ya duka. Usitume orodha ya wanachama kwa simu ya mtu baki.

Tena, Kamati isiidhinishe ununuzi wa printa mpya kabla Katibu hajaeleza kwa maandishi kwamba amezipitia hatua zote sita, na kasoro ameikuta kituo gani. Nusu ukurasa unatosha. Maelezo hayo yakiwekwa kwenye faili, Katibu atakayefuata hataanza gizani.

7. Maandalizi kabla ya mkutano

(a) Siku saba kabla ya mkutano, chapa ukurasa mmoja wa majaribio kutoka kwenye kishikwambi kile kile kitakachotumika.
(b) Siku tatu kabla, chapa makisio na muhtasari wa mkutano uliopita. Usingoje usiku wa mwisho.
(c) Weka nakala ya PDF ya kila waraka kwenye flashi, iliyotunzwa na Mwenyekiti au mtu aliyekubaliwa na Kamati.
(d) Nunua waya wa USB unaoiunga printa na kompyuta, pamoja na kiungio cha kuuchomeka kwenye kishikwambi. Hujaribiwa mapema, kwa kuwa si kila kishikwambi huukubali. Pale waifai inaposhindwa, waya hupitisha.
(e) Andika kwenye karatasi jina la mtandao, anwani ya printa na mpangilio wa kuwasha, uibandike ndani ya kabati la ofisi. Neno la siri liandikwe mahali pengine palipofungwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Printa inachapa ukurasa wake wa taarifa vizuri, lakini kishikwambi hakiioni. Ni vituo vipi viwezavyo kuwa na kasoro, na mngeanza na kipi? Toeni sababu.

2. Katibu anasema, "Hatuwezi kuchapa leo, bando limekwisha." Mtamjibu nini?

3. Ukurasa wa printa unaonyesha anwani 169.254.10.7, na kishikwambi kina anwani 192.168.1.15. Elezeni kilichotokea na hatua za kuchukua.

4. Katika chama chenu, ni nani anayejua kuchapa nyaraka za mkutano? Ikiwa ni mtu mmoja tu, pendekezeni ni nani mwingine afundishwe, na lini.

5. Je, katika mkutano mkuu uliopita kila mwanachama aliyetaka kuyaona makisio aliyaona kwenye karatasi? Kama hakuyaona, sababu ilikuwa nini, na Kamati inapaswa kufanya nini kabla ya mkutano ujao?

Kazi ya kikundi: kutaneni mahali ilipo printa ya chama. Mmoja wenu aizime ruta au hotspoti bila kuwaambia wenzake, au abadilishe kipimo cha karatasi. Wengine waitafute kasoro kwa kufuata hatua sita, na mmoja aandike kila hatua na jibu lake. Majibu ya kikundi yasomwe katika kikao cha Kamati kinachofuata.